Uhai wa Mshtakiwa Usiwe Mali ya DPP

 

Hoja yangu ni moja na naitaja mapema, ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Uamuzi wa mwendesha mashtaka ukiweka uhai au mwili wa mshtakiwa hatarini, uamuzi huo lazima uweze kupelekwa mbele ya jaji, ukaulizwa maswali, na ikibidi ukafutwa. Iwe haki ya mshtakiwa, isiwe hisani ya DPP. Iandikwe katika sheria, na iwe na muda wake.

Najua wengine wameshaanza kunikunjia uso. "Huyu naye anatetea wahalifu." Tulieni kwanza. Mshtakiwa ni mtu aliyeambiwa amefanya jambo, bado haijathibitishwa. Leo ni jirani yako, kesho ni mdogo wako, keshokutwa ni wewe umetua uwanja wa ndege na masanduku yako na mtu anakuita pembeni kwa jina lako. Tusizungumze kana kwamba mshtakiwa ni kabila la watu wengine.

TUANZE NA MAVOKO

Kwa nini nasema uamuzi wa kushtaki unaweza kuua? Jirani zetu Kenya wana jibu, na jibu hilo limeandikwa kwa damu.

Josephat Mwenda alikuwa kijana wa bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi ya mkono na askari polisi. Nani aliyefunguliwa mashtaka? Yeye aliyepigwa risasi! Kijana hakukubali. Akisaidiwa na wakili Willie Kimani, alipeleka malalamiko kwa IPOA, chombo cha kiraia kinachosimamia polisi Kenya. Baada ya hapo akaongezewa kesi nyingine, safari hii za barabarani. Tarehe 23 Juni 2016 walikwenda mahakama ya Mavoko, kesi ikasikilizwa, wakatoka na kupanda teksi ya Joseph Muiruri kurudi Nairobi. Hawakufika. Walitekwa, wakapitishwa katika kambi ya polisi Syokimau, na Willie Kimani akaandika ombi la msaada kwenye kipande cha karatasi ya msalani akakirusha nje. Miili ya watu watatu ikaopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani watu wanne, watatu wao polisi. Februari 2023 Fredrick Leliman, yule yule askari aliyekuwa amelalamikiwa, akahukumiwa kifo, na wengine wakapewa vifungo vya miaka 20, 24 na 30.

Wengi wetu tulilia tukaishia kusema "polisi wauaji". Ni kweli. Lakini tazameni jambo jingine lililokuwa mbele ya macho yetu. Wauaji walijuaje Mwenda angekuwa wapi, siku gani na saa ngapi? Walijua kwa sababu dola lenyewe lilimpangia! Mshtakiwa hana uhuru wa kubadili njia. Asipofika mahakamani hati ya kukamatwa inatolewa, na akifika amejipeleka mwenyewe. Kila tarehe ya kesi ilikuwa ni tangazo kwa adui yake kwamba siku hiyo atapita hapa.

Tena mtu yule yule alikuwa na majalada mawili serikalini. Katika moja alikuwa mlalamikaji aliyepigwa risasi, mtu wa kulindwa. Katika jingine alikuwa mshtakiwa, mtu wa kuburutwa. Kenya ina sheria ya kulinda mashahidi tangu mwaka 2006. Je, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuyaweka majalada mawili juu ya meza moja na kuuliza, hivi huyu tunayemshtaki si ndiye anayemshtaki askari wetu? Mwendesha mashtaka anatazama jalada lake na mpelelezi analo la kwake. Mtu pekee anayeweza kuwaita wote wawili na kuwaambia "nielezeni" ni jaji.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Sasa turudi Tanzania, maana ndiko kunakoniuma zaidi.

Katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kulikuwa na kifungu cha 148(4). Kilisema DPP akitoa hati kwamba mshtakiwa akipewa dhamana usalama au maslahi ya Jamhuri yatadhurika, basi mahakama imefungwa mikono. Hati ikishawekwa mezani hakimu anafunga faili, mahabusu anarudi kwenye karandinga. Hakuna wa kuuliza Jamhuri itadhurika vipi. Sahihi ilitosha.

Na katika sheria hiyo hiyo, kifungu cha 148(5)(d), kulikuwa na maneno yanayohusu usalama wa mshtakiwa mwenyewe. Yalisemaje? Kwamba dhamana itanyimwa ikionekana ni lazima mshtakiwa abaki rumande kwa ajili ya ulinzi wake! Someni tena polepole. Sheria ilipokumbuka kwamba mshtakiwa ana usalama wake, ilikumbuka kama sababu ya kumfungia. Haikuwaza hata dakika moja kwamba hatari inaweza kuwa iko ndani ya gereza, au iko ndani ya kesi yenyewe, au kwamba aliyesimama nje akimsubiri amevaa sare ya serikali.

Hiki ndicho kiini cha ugomvi wangu. Neno "usalama" lipo katika sheria zetu, lakini linatazama upande mmoja. Usalama wa Jamhuri ni sababu ya kumfungia mtu, na usalama wa mtu ni sababu ya kumfungia huyo huyo mtu. Kote kote anayepoteza ni yeye.

Wakili Jeremia Mtobesya alikipeleka kile kifungu cha 148(4) mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikamkubalia, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikasema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Sababu ni nyepesi hata kwa sisi tusio mawakili. Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kabla haki zake hazijaamuliwa, na hati ya DPP ilikuwa inaamua bila mshtakiwa kusikilizwa na bila mahakama kuwa na la kupima. Yaani mahakama ya juu kabisa nchini ilikwisha sema kwamba sahihi ya mwendesha mashtaka haiwezi kuwa neno la mwisho juu ya uhuru wa mtu. Kama haiwezi kuwa neno la mwisho juu ya uhuru, itakuwaje neno la mwisho juu ya uhai?

Lakini mlango ulipofungwa, dirisha lilibaki wazi. Kuna orodha ya makosa yasiyo na dhamana kabisa: uhaini, ugaidi, mauaji, utakatishaji fedha na mengineyo. Maana yake ni kwamba DPP hahitaji hati tena. Anahitaji tu kuchagua shtaka. Akiandika "kutakatisha fedha" kwenye hati ya mashtaka, mtu yuko ndani hata kabla ya ushahidi kuonekana. Mei 2020, katika kesi ya Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu ilisema katazo hilo linavunja Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi. Miezi mitatu tu!

Na katikati ya miezi hiyo, mwaka 2020 huo huo, Bunge likabadili sheria ya kudai haki za msingi, kwamba anayefungua shauri lazima aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Fikirini maana yake. Mtobesya hakuwa mahabusu alipofungua shauri lake, alikuwa raia anayetetea Katiba kwa niaba ya wote. Chini ya sharti jipya angepata taabu kuvuka hata kizingiti. Mtu aliye Segerea, mgonjwa, hana simu, ndiye tuliyemwambia afungue shauri mwenyewe. Na aliyekwisha kufa je? Naye aje aape kwamba ameathirika binafsi?

KABENDERA NA MASHEIKH

Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019. Mwanzo tuliambiwa ni suala la uraia. Baada ya siku chache uraia ukasahaulika, tukasikia genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Hilo la mwisho ndilo kufuli. Akakaa rumande Segerea, kesi ikitajwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika. Mawakili wake walieleza mahakamani kwamba afya yake inazorota, anapumua kwa shida na mguu haumtii. Mama yake akafariki mwisho wa mwaka 2019, na hakuruhusiwa kwenda hata kumuaga kanisani. Februari 2020 akatoka baada ya makubaliano na DPP na kulipa mamilioni ya shilingi.

Sisemi hapa kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Nauliza swali dogo. Katika miezi ile saba, nani alikuwa na mamlaka ya kumwambia DPP: "Shtaka ulilochagua linamnyima dhamana mtu anayezidi kudhoofu, tuonyeshe sasa hivi ushahidi wa kulihalalisha, la sivyo libadilishe"? Hakimu wa Kisutu asingeweza, maana kesi za uhujumu uchumi za aina ile hana mamlaka nazo, yeye anatunza tarehe tu. Kwa hiyo mtu akabaki mikononi mwa DPP, na mlango uliokuwa wazi ni wa kupatana na DPP huyo huyo. Makubaliano ya mtu anayeshindwa kupumua ni makubaliano ya namna gani?

Kuna na masheikh wa Uamsho. Wazanzibari hawa, akiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walivushwa bahari mwaka 2014 wakafikishwa Kisutu kwa mashtaka ya ugaidi. Mapema kabisa walilalamika mbele ya mahakama kwamba wameteswa na kudhalilishwa. Jambo zito namna hiyo linasemwa hadharani, mbele ya hakimu! Ilipasa kesi isimame siku ile ile, madaktari waitwe, na jaji aamue kama watu wale waendelee kukaa mikononi mwa wale wanaowalalamikia. Badala yake ikaja tarehe nyingine, na nyingine. Juni 2021, baada ya miaka saba, DPP alieleza kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Basi, wakarudi nyumbani.

Tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini furaha isitupofushe. Mkono uliofungua mlango mwaka 2021 ndio uliokuwa umeufunga miaka saba, na mara zote mbili haukulazimika kumweleza jaji sababu. Uhuru unaokuja kama zawadi unaweza kuondoka kama zawadi. DPP mwema si mfumo. DPP mwema ni bahati, na bahati haijengi nchi.

Halafu tazameni mizani. Katika kesi ya uhaini aliyofunguliwa Tundu Lissu Aprili 2025, upande wa mashtaka uliiomba Mahakama Kuu iwalinde mashahidi wake wa kiraia wasijulikane, na mahakama ikakubali. Sina ugomvi na kulinda mashahidi. Lakini mshtakiwa mwenyewe ni mtu aliyemiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma tarehe 7 Septemba 2017! Kwa hiyo jaji ana uwezo wa kupima usalama wa mtu pale DPP anapoomba. Kumbe uwezo upo. Kinachokosekana ni njia ya mshtakiwa kuomba hicho hicho dhidi ya DPP.

KWA NINI MTU WA AL-NASEEM AJALI?

Wapo watakaosema, wewe uko Uarabuni unakula riyali, haya yanakuhusu nini? Yananihusu kwa njia mbili.

Kwanza, sisi ndio tunaolipa. Ndugu akiwekwa ndani nyumbani, simu inakuja huku. Tunachanga ya wakili, tunachanga ya chakula cha mahabusu, tunachanga ya nauli ya mama kwenda kumtazama. Hapa mtaani kwetu, baada ya sala ya Ijumaa, si mara moja wala mbili nimeona daftari la mchango likizunguka kwa ajili ya kesi ambayo haina hata tarehe ya kuanza kusikilizwa. Tunagharimia kuahirishwa! Mlipaji ana haki ya kuuliza.

Pili, sisi wenyewe ni washtakiwa watarajiwa wa nchi ya watu. Mnajua habari za dada zetu wa kazi za ndani. Dada anapigwa, hapewi mshahara, anakimbia. Akifika polisi kulalamika anakuta ameshatangulizwa na ripoti ya kutoroka, na wakati mwingine na tuhuma ya wizi wa dhahabu au hata uchawi. Human Rights Watch walilieleza jambo hili mwaka 2008 katika uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa ndani Saudia, kwamba anayelalamika hugeuziwa tuhuma. Si ni yale yale ya Mwenda? Mlalamikaji anageuzwa mshtakiwa, na akishakuwa mshtakiwa malalamiko yake yanazimika kama kibatari. Mwenye uamuzi wa jalada lipi litangulie ni mwendesha mashtaka.

Na kwa kuwa tunapenda kuisema nchi ya watu, tuseme na hili kwa haki. Hapa mwendesha mashtaka, yaani Niyaba, tangu mwaka 2017 anawajibika moja kwa moja kwa Mfalme. Sioni la kuiga hapo. Lakini sheria yao ya mwenendo wa jinai ya mwaka 2013, ibara ya 114, imeweka ukomo. Mahabusu ya uchunguzi haipiti siku 180 mikononi mwa Niyaba, baada ya hapo mtu apelekwe mahakamani au aachiwe, na kuongeza zaidi ya hapo ni kwa amri ya mahakama. Kwa ugaidi sheria ya 2017 inaruhusu hadi miezi 12, na mahakama inaweza kuongeza. Najua karatasi ni kitu kimoja na gereza ni kitu kingine, na mashirika ya haki yameeleza mara nyingi watu waliozidishiwa muda. Hata hivyo naona aibu. Ufalme usio na uchaguzi umeandika namba katika sheria yake, na sisi wenye Katiba yenye sura nzima ya haki tuliwaweka masheikh miaka saba kwa sentensi moja: upelelezi haujakamilika.

MAJIBU KWA WAPINZANI WANGU

Watasema, Katiba inampa DPP uhuru. Kweli, ibara ya 59B, iliyoingizwa mwaka 2005, inasema asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote. Lakini msiisome nusu. Ibara hiyo hiyo inamtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia taratibu za haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Sasa kama hakuna wa kupima kama amezingatia, maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya nani? Uhuru wa DPP ni kinga dhidi ya waziri anayepiga simu usiku. Haukuwekwa awe kinga dhidi ya jaji anayekaa mchana mahakamani, milango wazi, pande zote mbili zikisikia.

Watasema, mahakama zitafurika. Kila mwizi wa kuku ataomba mapitio. Si kweli, kwa sababu siombi kila uamuzi wa DPP upitiwe. Naomba ule tu ambao mshtakiwa ataonyesha kwa kiapo, na kwa dalili za kuaminika, kwamba unamweka katika hatari ya kuuawa, kuteswa au kufa kwa maradhi. Porojo zitatupwa siku ya kwanza. Majaji wetu wanajua kutupa.

Watasema, hili ni jambo la kigeni. Ligeni la wapi? Kenya, enzi za Moi, mwaka 1986, Mahakama Kuu ilizuia mashtaka dhidi ya Stanley Githunguri aliposhtakiwa baada ya miaka mingi, na baada ya kuwa ameshahakikishiwa kwamba hatashtakiwa. Katiba yao ya 2010, ibara ya 157, inamkataza DPP kufuta kesi bila ruhusa ya mahakama. Uingereza, tulikorithi vyeo hivi, mahakama mwaka 2000 iliufuta uamuzi wa DPP wa kutowashtaki askari magereza baada ya Alton Manning kufia mikononi mwao mwaka 1995, na ikasisitiza kwamba panapoguswa haki ya kuishi sababu lazima zitolewe. Dunia haikuanguka. DPP wa Uingereza bado yupo na bado anafanya kazi.

Na watasema, je, familia za waliouawa na wezi? Hawana haki? Wanayo, tena kubwa. Lakini mshtakiwa akifia mahabusu kesi inakufa naye, na familia ile haitajua kamwe nani aliyemwaga damu yao. Yule anayemtaka mkosaji ahukumiwe ndiye angekuwa wa kwanza kutaka afike mahakamani akiwa hai.

NINACHOPENDEKEZA

Lawama bila dawa ni kelele. Hivi ndivyo ninavyopendekeza, kwa Tanzania Bara na kwa Zanzibar pia, ambako kuna DPP wake.

Moja. Kabla ya kumshtaki mtu ambaye amelalamika dhidi ya polisi au chombo kingine cha dola, mwendesha mashtaka aandike katika jalada kwamba analijua lalamiko hilo na kwa nini bado anashtaki. Asiyeandika, shtaka lake lisipokelewe.

Mbili. Mshtakiwa, ndugu yake, wakili wake au jumuiya ya kiraia waweze kwenda Mahakama Kuu kwa hati ya dharura, na jaji asikilize ndani ya saa 48. Sharti kama lile la 2020 la kuonyesha umeathirika binafsi lisihusike mahali uhai unapoguswa.

Tatu. Jaji apewe nguvu halisi. Aweze kuamuru mtu ahamishwe gereza, apelekwe hospitali, kesi ihamishwe mahakama, mshtakiwa asikilizwe kwa njia ya video, askari anayelalamikiwa asimsogelee, dhamana itolewe hata kama kosa limeandikwa halina dhamana, na mwisho kabisa kesi isimamishwe.

Nne. DPP akitaka kufuta kesi aombe ruhusa ya mahakama kama Kenya, ili tusione tena mtu anaachiwa ndani ya chumba cha mahakama na kukamatwa tena mlangoni.

Tano, na hili ni la kwetu. Jumuiya zetu za ughaibuni, kuanzia hapa Riyadh na Jeddah hadi London na Minneapolis, zidai kutoka kwa balozi zetu kwamba Mtanzania akishtakiwa nchi ya watu baada ya kulalamika yeye, ubalozi uiandikie mamlaka ya mashtaka kwa maandishi na nakala apewe mwenyewe. Tusiishie kusafirisha majeneza.

Waungwana, Mwenda hakukosa wakili, alikuwa naye pembeni yake mpaka mwisho. Hakukosa ujasiri, alithubutu kumshtaki askari mwenye bunduki. Alikosa mlango mmoja tu wa kugonga na kusema: kesi hii itaniua. Jirani zetu walijifunza hilo kwa miili mitatu mtoni. Sisi tumeshaona ya kutosha kwa Segerea na Kisutu, na atakayesubiri mengine zaidi ndipo ashawishike, huyo hasubiri ushahidi, anasubiri maiti.

Naomba kuwasilisha.

Al-Naseem, Riyadh